Tupeane uzoefu: mtoto anajua lugha mbili ila hafungui mdomo, ulimsaidiaje?

Wadau habari za jioni. Mimi Mtanzania niko Columbus, Ohio, Jumanne na Alhamisi najitolea kwenye programu ya watoto baada ya shule, homuweki kwanza halafu michezo. Nilipewa binti wa miaka 9, Mkongo, kazaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kwao ni Kibembe na Kiswahili, Kiingereza anaelewa na anaandika vizuri tu ila kukiongea hataki kabisa. Miezi miwili nilikuwa naambulia kutikiswa kichwa, ukimuuliza kitu anavuta kamba ya sweta lake anaitafuna mpaka inalowa.

Nilikosea mwanzoni. Nilidhani nikimsemesha Kiswahili mbele ya wenzake atachangamka, kumbe namuanika, meza nzima ikageuka kumtazama na yeye akazidi kujikunyata. Nikaacha. Nikawa nakaa pembeni yake nachonga penseli, namwambia kwa sauti ya chini leo nimepika nini, simuulizi chochote.

Siku moja theluji imemwagika hakuna kutoka nje, tuko ukumbi wa michezo, nikamnong'oneza, kambini mlikuwa mnacheza rede? Akanyanyua macho. Mchanga wa kujaza chupa hatuna, tukachukua maharage makavu na chupa ya maji. Jamani yule mtoto akaingia kati, anakwepa mpira huku anajaza chupa, wenzake wawili wanarusha hawampati, mpaka watoto wengine wakaacha mambo yao wakaja kuuliza hii inachezwaje. Akawaelekeza mwenyewe! Kiingereza, Kiswahili, palipopungua mikono ikamalizia. Bibi yake nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo, akaniambia "uyu kwa nyumba anasemaka sana."

Haya leteni na nyie.

Mdau, Simanjiro
Mimi mwalimu, kwetu Kilimanjaro, nilipangiwa huku Umasaini na jioni nabaki na watoto wa kusoma na kuandika. Kulikuwa na kijana wa darasa la pili, Kimaa nyumbani, Kiswahili shuleni. Kila akifika anakuja mbele yangu anainamisha kichwa, kimya. Nikajua ananiogopa, namwambia kaa, anakaa, basi. Wiki tatu hivyo! Mlinzi wa shule ndo alinistua, mwalimu mtoto anakuamkia, anasubiri umguse kichwani na wewe unampita. Niliumia sana. Kesho yake alivyoinama nikamwekea mkono kichwani, akatabasamu akaenda kukaa. Kuongea hakuanza siku hiyo, ilichukua muda, ila daftari alianza kuniletea mwenyewe bila kuitwa.

Mdau, Mombasa
Wangu alizaliwa Leicester, tumerudi ana miaka 7, Kiswahili anasikia chote ila kujibu anajibu Kiingereza, basi chuoni, yaani madrasa, baada ya skuli wenziwe wakamwita mzungu na akagoma kusema lugha yoyote. Ustadhi wake Mungu ambariki, hakumlazimisha kusoma peke yake, alimtia kwenye kundi la wadogo wanaosoma pamoja kwa sauti. Pale hakuna anayemsikia yeye peke yake, sauti yake imo ndani ya sauti za wengine. Ikapanda kidogo kidogo. Sasa nikimwita chakula ananijibu "naja mama" na mimi jikoni moyo unaniruka.

Mdau, Dodoma
Naomba niongeze hili kwa uzito. Kimya cha mwanzo mtoto akiwa anaokota lugha mpya ni kawaida, kinaweza kwenda miezi. Lakini pimeni na masikio jamani. Mwanafunzi wangu wa tuisheni kila mtu alisema ana aibu, lugha zinamchanganya, kumbe sikio la kushoto halisikii vizuri na mimi kila siku namkalisha upande huo huo. Na kama nyumbani na shuleni kote, kwa lugha zote, haongei, msikae mnasubiri, apelekwe kwa wataalamu.

Mdau, Columbus (mwanzisha uzi)
Mwalimu wa Simanjiro hiyo ya kichwani imenigusa mno. Dodoma nimekusikia, alishapimwa yuko sawa.

Kuna jambo linanikera. Shuleni kwake walimtumia yeye kumtafsiria bibi kikao cha maendeleo yake mwenyewe. Mtoto wa miaka 9 anamtafsiria bibi kwamba "mjukuu wako haongei"! Atatoka na ujasiri gani pale?

Mdau, Kansas City
Dada hiyo wasikubali. Mwongozo wa serikali wa 2015 ulizitaka shule za serikali hapa Marekani ziwape wazazi mkalimani bure, na ulikataza mtoto kufanywa mkalimani; uliondolewa 2025, lakini bado inafaa kuomba. Bibi aombe kabla ya kikao, kwa maandishi. Hata haki ya mtoto kusaidiwa Kiingereza ipo tangu kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua 1974.

Mdau, Columbus (mwanzisha uzi)
Asante sana kaka, Jumatatu naenda na bibi tukaandike.

Jana binti kaja na mfuko wa maharage kutoka kwao, anasema yale yangu makubwa yanakwama shingoni mwa chupa. Alhamisi tunaandika sheria za rede tubandike ukutani, Kiingereza, Kiswahili na Kibembe. Kibembe mimi sijui hata neno moja, kwa hiyo hapo anaandika yeye na mimi nashika gundi.