KBC nayo lazima ilipiwe kila mwezi? Naomba msaada wa dekoda

BintiKisauni:
Salamaleko jamani. Mamangu ana ile TV yake ya mgongo, flat skrini hataki hata kusikia, na raha yake ni taarifa ya KBC saa moja jioni basi. Nikamnunulia dekoda huku mjini, muuzaji akanambia hii yashika kila kitu, sasa kila mwezi ukiisha skrini yaandika lipia lipia. Hivi KBC ni ya kulipiwa kweli? Si TV ya taifa hii? Na lile eriali letu la zamani lingali juu ya paa, halifai tena?

FundiWaMtaa:
Waleko salam. Analogi, yale matangazo ya zamani, huku Mombasa ilizimwa 2015, ukiunga eriali kwa TV moja kwa moja waona chenga tu. Lakini KBC hailipiwi dada. Ulouziwa ni dekoda ya malipo, wewe taka ya bure ya T2 (DVB-T2, aina ya dijitali inayotumika Kenya), wanunua mara moja imekwisha. TV ya mgongo si tatizo, tazama nyuma kama ina vitundu vya njano, nyekundu na nyeupe. Kama haina, tafuta dekoda inayotoa picha kwa waya wa eriali.
Eriali lenyewe kama ni yale ya UHF, masafa yanayobeba dijitali, lafaa, ila likague pale waya unapoungwa, chumvi ya bahari huku kwetu yala chuma vibaya sana. Analogi ikiwa dhaifu ulikuwa waona chenga na sauti wasikia, dijitali haina huruma hiyo, yakatakata kidogo kisha kiza, watu wadhani dekoda imekufa kumbe ni kutu.

YakheMtwapa:
Bure gani na dekoda yenyewe pesa 😂 walikuwa na haraka ya nini hawa wa serikali kuzima analogi? Februari 2015 Citizen, NTV na KTN zikazimika mpaka Machi tukabaki twatazama KBC kwa lazima. Masafa yetu wakapewa kampuni za simu.

Mzee wa Mawimbi:
Yakhe haraka ya wapi, dijitali ya KBC alizindua Kibaki Desemba 2009, na mwisho wa kuhama ilikuwa 17 Juni 2015 kwa mkataba wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wa Geneva 2006. Watanzania walianza kuzima Desemba 2012. Yale mabishano ya kina Citizen na tume ya mawasiliano yalikwenda mpaka Mahakama ya Juu, hayo ni mengine. Kwa masafa hapo sikupingi, analogi stesheni moja yala nafasi nzima peke yake, dijitali nafasi hiyo hiyo yabeba chaneli kumi na zaidi, ilobaki ikaenda kwa 4G. Ndiyo hiyo waandikia hapa lol

YakheMtwapa:
Bando nalipa mimi lakini

BintiKisauni:
Shukran fundi. Kakangu ana TV ya eks-UK, mtumba wa Uingereza, imeandikwa dijitali ubavuni, hiyo itashika bila dekoda nimbembeleze mama abadilishe?

FundiWaMtaa:
Usibebe kabla hujaijaribu. Nyingi za eks-UK zile za kitambo ni T1, yaani DVB-T ya kwanza, na Kenya yatumia T2, uta-skani mpaka asubuhi hupati kitu. Mwambie aangalie kwa menyu au kile kikaratasi cha nyuma kama paandikwa DVB-T2, ikiwa ni DVB-T peke yake mwache mama na mgongo wake, hela weka kwa dekoda.