Mrejesho: maji moto yaliyokuwa yakivuja kusikojulikana

Asanteni mlionijibu. Kwa aliyepitwa: nyumba yetu hapa Tudor, Mombasa, ina sola ya kuchemshia maji, na tangi la juu lilikuwa likipungua usiku hata mifereji yote ikifungwa. Chini hakuna tone.

Nilitumbukiza ufito tangini, nikatia alama. Usiku wa kwanza maji yalishuka vidole vinne. Wa pili nikafunga koki inayokwenda kwenye sola: hayakushuka hata kidogo. Kumbe ni upande wa maji moto.

Mahali penyewe alipapata mama mkwe, si fundi. Jioni alipitisha kiganja ukutani nyuma ya kabati, akasema, "Mwanangu, mbona hapa pana joto?" Plasta ikabomolewa, upana wa sahani hivi. Kiwiko cha bomba la chuma kimeliwa na kutu, kitundu chenyewe kama ncha ya sindano. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, sishangai.

Fundi ametia bomba la PPR, lile la plastiki linalostahimili moto na kuungwa kwa kuyeyushwa. Na ndugu yangu uliyenishauri nizibe kwa silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, ningeipaka wapi na bomba limo ndani ya ukuta?

Leo usiku wa tatu, alama iko palepale. Plasta bado, nangoja ukuta ukauke.