Shindano la kwanza la karate: ninunue vifaa vya kumite au gi nzito ya kata?

MwanaDunga
Wadau, hamjambo. Kuna mashindano Nakuru mwezi ujao, na sensei amesema safari hii hata sisi ambao hatujawahi kupanda mkeka tutaandikishwa. Mfuko wangu unabeba kitu kimoja tu: ama vifaa vya kumite (mapigano), ama gi (vazi la karate) nzito ya kata (mfululizo wa mbinu unaofanya peke yako), ile inayolia paa! ukipiga ngumi. Niliyo nayo ni nyembamba ya mazoezi na imeshageuka rangi ya chai. Nichukue gani? Majina yanafungwa Ijumaa.

Kocha_wa_Jioni
Mtindo gani? Mkanda gani? Kilo? Umri? Sheria za nani? Bila hayo sisi wote hapa tutakuwa tunajijibu wenyewe.

ShotoNyalenda
Mimi najibu hata bila hayo: kata. Shindano la kwanza moyo unadunda mpaka masikioni, na kwenye kata hakuna mtu wa kukupokea na ngumi ukiwa bado unatafuta pumzi. Unaingia, unainama, unataja jina la kata, unaifanya, unatoka. Chagua unayoiweza hata ukiamshwa usiku. Heian Nidan (kata ya wanaoanza) safi inaishinda Bassai Dai (ya mikanda ya juu) ya kubahatisha siku yoyote.

Ngumi_za_Bukhungu
Haya, Nyalenda kaanza na ngoma zake. Kijana kasema anaenda kushindana, wewe unampeleka kupigana na hewa. Ndugu, ingia kumite ujue kama karate yako inafanya kazi. Ungekuwa Kyokushin, mtindo wa kupigana kwa nguvu zote, kama sisi huku Kakamega usingehangaika na ununuzi: kinga ya meno, kinga ya sehemu za siri, umemaliza.

ShotoNyalenda
Nyinyi mnaoruhusiwa teke la kichwa lakini ngumi ya uso ni marufuku, leo mmekuwa walimu wa kumite?

Ngumi_za_Bukhungu
Ngumi ya uso tunaiacha kwa sababu hatuvai glavu. Nyinyi mnazivaa, halafu mtu akiguswa pua mnaita daktari.

Kocha_wa_Jioni
Nyinyi wawili tafuteni kivuli mkae. MwanaDunga, nimekuuliza maswali matano.

MwanaDunga
Samahani wazee, nilikuwa kazini. Shotokan, mkanda wa kijani, miaka 24, kilo 68 na kidogo. Bajeti ni elfu sita na nauli imo humo humo. Sheria za nani sijui, ila karatasi ya tangazo ina neno "senshu", na inasema kila mtu aje na nyekundu na bluu.

Fundi_wa_Njoro
Hapo kwenye nyekundu na bluu simama kwanza, nikueleze yaliyonipata.

Kabla ya shindano langu la kwanza nilipata kinga za miundi na za nyayo kwenye mitumba. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba ni za karate, na zilikuwa safi kweli, nyeupe na mstari mweusi. Glavu nikanunua nyekundu, kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Siku yenyewe nikafika kwenye meza ya ukaguzi, mama mmoja mwenye miwani akageuza kinga zangu mara moja tu: "Hizi ni za taekwondo. Na bluu ziko wapi?" Nikamwambia mimi ni mwekundu. Akacheka. Kumbe rangi huchagui, inatoka kwenye droo, na jina langu lilikuwa upande wa AO, yaani bluu.

Basi nikaanza kuomba omba. Kijana wa dojo nyingine, Mungu ambariki, akanipa glavu zake za bluu zikiwa bado zimelowa jasho lake. Kinga za nyayo nikapewa na jamaa mrefu anayevaa kiatu cha namba 45, mimi navaa 41. Jina langu linaitwa, mimi bado nafunga. Linaitwa tena. Nikaingia mbio, nikasahau kuinama, refa akanirudisha niiname.

Kinga zile zilikuwa zinazunguka mguuni, kisigino kinakuja mbele. Kila nikirukaruka nateleza. Mpinzani akanipiga gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) ya tumbo, pointi moja, na senshu (faida ya aliyefunga kwanza) ikaenda naye. Nikarudi nyuma kurekebisha mguu, nikatoka nje ya mkeka, onyo. Nikatoka tena, onyo lingine. Na wakati wote huo mwenye glavu amesimama pembeni ananiita kwa sauti nimalize haraka, maana na yeye anaitwa mkeka wa pili! Nilifungwa nne bila, na nakuambia kweli, nilipovua zile glavu nilisikia raha kuliko ningekuwa nimeshinda.

Kwa hiyo elfu sita yako usidhani inanunua seti moja. Ni seti mbili.

Mama_Section58
Pole Fundi, lakini nimecheka mpaka mtoto ameuliza kuna nini 😂

Refa_wa_Pembeni
Fundi amesema kweli na ameeleza vizuri. Niongeze upande wa meza.

Kama tangazo linataja senshu, hizo ni sheria za WKF (shirikisho la karate la dunia) au zilizochukuliwa humo. Kwa mtu mzima vinavyohitajika ni glavu, kinga za miundi na za nyayo, kinga ya mwili inayovaliwa ndani ya gi, na kinga ya meno. Wanawake wana kinga ya kifua pia. Glavu na kinga za miguu ndizo zinazofuata rangi. Pambano la wakubwa ni dakika tatu. Ngumi ni pointi moja, teke la mwili mbili, teke la kichwa tatu, na ukimpiga mtu aliyekwisha kuanguka kwa ngumi iliyodhibitiwa vizuri nayo ni tatu. Ukimwacha mwenzako kwa pointi nane, mchezo umekwisha. Mkitoka sare, mwenye senshu ndiye anashinda, yaani yule aliyefunga kwanza peke yake. Ndiyo maana wanaoanza hujuta sana wakitumia nusu dakika ya kwanza kuangalia angalia.

Lakini usije ukajitayarisha kwa sheria hizo kisha ukute ni za Shotokan ya zamani, ambayo ippon moja (pointi kamili) au waza-ari mbili (nusu pointi) inamaliza kila kitu. Huko ukimwaga ngumi kumi za pointi moja moja hakuna anayekuhesabia. Mpigie simu mwandaaji.

Kuhusu gi: hiyo ya rangi ya chai ifue, inatosha. Tunachoangalia ni mikono na miguu. Mkono usipite kifundo cha kiganja wala usiwe mfupi kuliko nusu ya mkono wa mbele, na haukunjwi. Suruali ifunike angalau theluthi mbili za muundi na isifike chini ya kifundo. Kila mara anakuja mtu na gi mpya ndefu ameikunja mikono, tunamrudisha.

Mama_Section58
Na ukinunua mpya ifue KWANZA ndipo umpelekee fundi wa cherehani. Ya mwanangu tuliikata ikiwa mpya, ikarudi ilipofuliwa, sasa anaonekana amevaa ya mdogo wake.

MwanaDunga mwanangu, mbona hamnunui kama dojo? Hapa kwetu wazazi tulichanga, tukapata seti za nyekundu na bluu za saizi tatu, zinakaa kwenye begi moja. Watu wawili wa klabu moja hawapigani kila wakati. Kila mtu anajinunulia kinga ya meno na ile ya ndani ya suruali, hizo haziazimwi jamani. Ile ya meno unaitia kwenye maji ya moto, unaiuma ishike umbo, unafanya mazoezi nayo wiki kadhaa ili usije ukatapika siku yenyewe.

MwanaDunga
Dojo tuna begi mama, ila glavu za bluu ziko za watoto, na kinga za nyayo zimechanika lastiki. Tunafanyia kwenye ukumbi wa kanisa, sakafu ya saruji. Mkeka sijawahi kuukanyaga.

Kocha_wa_Jioni
Hilo ndilo ungelisema mwanzo. Mkeka unameza mguu. Mtu wa saruji akifika pale anajikuta mzito hatua ya kwanza. Tafuta klabu yenye mikeka hapo Kisumu uombe hata jioni mbili tatu. Hiyo ni muhimu kuliko glavu.

ShotoNyalenda
Au afanye kata, mambo ya mguu kuzama yaishe. Na gi nzito inasaidia, tusidanganyane. Majaji wana masikio.

Refa_wa_Pembeni
Majaji wana macho pia. Mlio wa kitambaa hauinui bendera. Tena ulizia kama kata inaruhusiwa kurudiwa kila raundi. Usiporuhusiwa, mtu wa kijani anafika raundi ya tatu ameishiwa.

Ngumi_za_Bukhungu
Mnajua kwa nini Olimpiki iliwaacha? Tokyo, fainali ya wanaume wazito, yule Msaudi Tareg Hamedi anaongoza 4-1, anampiga Muirani Sajad Ganjzadeh teke safi la kichwa, mtu analala chini. Nani alipewa dhahabu? Aliyelala! Paris 2024 karate haikuwepo. Nani angetaka kuangalia mchezo ambao ukimwangusha mtu umeshindwa?

ShotoNyalenda
Paris waliamua kabla hata ya hiyo fainali kupigwa, acha kuunganisha vitu. Na teke lile halikudhibitiwa, sheria ilijulikana na wote wawili. Dhahabu ya kata ya wanaume ilienda kwa Ryo Kiyuna wa Okinawa, mbona hiyo hutaji? Kyokushin yenu imewahi kufika Olimpiki?

Ngumi_za_Bukhungu
Mas Oyama hakuianzisha Kyokushin kwa ajili ya medali.

Mama_Section58
Wanaume, kijana anafunga jina Ijumaa.

dogo_wa_Kondele
Kilo 68 na kidogo iko pabaya bro. Kwa WKF ni chini ya 67 au chini ya 75. Kaa bila ugali siku mbili, kimbia na jaketi pale karibu na ziwa mchana, unaingia 67 unawapiga wadogo.

Kocha_wa_Jioni
Usimsikilize. Kwa jua la Kisumu, na jaketi, bila chakula, kwa ajili ya shindano la kwanza? Atafika kwenye mzani amekonda na kwenye mkeka hana miguu. Apigane chini ya 75, ale samaki wake. Kupunguza kilo ni kazi ya watu wenye kocha anayewaangalia kila siku, na hata wao wengine huanguka.

dogo_wa_Kondele
Mimi nilifanya na nikashinda 😎

Kocha_wa_Jioni
Ulishinda nani?

dogo_wa_Kondele
Mpinzani hakutokea.

Fundi_wa_Njoro
😂😂 Na akumbuke Nakuru iko juu kuliko Kisumu kwa mita mia saba hivi. Dakika tatu za huku pumzi inaisha mapema. Aje siku moja kabla alale.

Ngumi_za_Bukhungu
Nakuru si Iten kule juu milimani, msimtishe. Baridi ya asubuhi ndiyo itamsumbua. Aje na sweta.

Fundi_wa_Njoro
Akilala kwangu atakula bure, ila chai ya huku ina maziwa kweli, si ile yenu ya kupaka rangi maji.

MwanaDunga
Asanteni wote. Nimempigia mwandaaji, anasema sheria ni za WKF lakini uzani "wataangalia siku hiyo kulingana na watu." Kata anasema mtu anaweza kurudia. Sasa nimechanganyikiwa zaidi, maana naweza kujiandikisha zote mbili kwa ada moja.

ShotoNyalenda
Zote mbili! Kata ndiyo hutangulia asubuhi, utakuwa umepasha mwili.

Kocha_wa_Jioni
Au utakuwa umechoka. Tangu lini mkanda wa kijani akafanya zote mbili mara ya kwanza? Sensei wako anasemaje?

MwanaDunga
Anasema nijiamulie.

Refa_wa_Pembeni
Kata kucha zako, za mikono na za miguu. Hakuna aliyetaja, na ndiyo huwa tunawatoa watu mstarini kila mara.

Mama_Section58
Kuna mtu Nakuru ana kinga za nyayo za bluu, saizi ya kati, anauza? Za begi letu nazo zimeanza kuchanika.

Fundi_wa_Njoro
Mimi nina nyekundu, karibu mpya.

Mama_Section58
Na bluu?

Fundi_wa_Njoro
Bluu nitauliza yule jamaa wa namba 45.