Naombeni ushauri: kikundi chetu cha mtaa kinagawanyika na mimi ndiye katibu

Katibu wa Kona
Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa muda mrefu, leo yamenifika shingoni nimeona niandike.

Tuko majirani kumi na wanne. Tulianza na taa za barabarani zilizokaa gizani muda mrefu. Tukaandika barua, tukafuatilia ofisi kwa ofisi, taa zikawaka. Tukapata moyo. Baadaye ikaja habari kwamba kile kiwanja cha wazi, watoto wanapocheza na wazee wanapopumzikia, kitageuzwa maegesho ya magari. Tukapita nyumba kwa nyumba kila jioni baada ya kazi, tukakusanya saini 312. Mpango ukaahirishwa. Haukufutwa.

Karibu sote ni wapenda mabadiliko, tunaamini mali ya umma ibaki ya umma. Sasa uchaguzi wa diwani unakuja. Nusu wanataka kikundi kimuunge mkono mgombea mmoja, mama aliyekuwa nasi tangu siku za taa. Nusu wanasema kikundi kikishika mgombea, kimekwisha. Mkutano uliopita watu walipandishiana sauti hadi mzee wetu mmoja akachukua kofia yake akaondoka.

Mkutano mwingine ni baada ya siku nane. Katibu anafanyaje kuwarudisha watu hawa pamoja? Usingizi sina.

Chelewa Ufike
Nimevuta kiti mbele kabisa, nasoma.

Mpiga Filimbi
Jibu ni fupi: msishike mgombea. Sisi tulikuwa na kikundi cha kuzibua mitaro. Jumamosi watu thelathini na makoleo yao, mpaka raha. Mwenyekiti wetu akagombea, tukampigania kama ndugu, akashinda. Jumamosi iliyofuata tulikuja kumi na wawili, kwa sababu waliompigia mpinzani wake walijiona wameshindwa na sisi, si na yeye. Iliyofuata tukawa watano. Leo mitaro imeziba na koleo langu lina kutu. Wala yeye hakuwa mtu mbaya. Ila mtaro ulikuwa wetu sote, na kura ikawa ya baadhi yetu.

Nyota ya Alfajiri
Mpiga Filimbi, kwa hesabu hiyo mtaa utabaki kuandika barua milele. Anayeamua kiwanja kiwe maegesho ni nani? Si diwani na wenzake? Wangari Maathai mwaka 1989 alipinga kwa barua jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, akatukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa. Lakini hakuishia kwenye barua. 1997 aligombea urais akashindwa, 2002 akaingia bungeni kupitia jimbo la Tetu. Alijua kalamu inayotia saini iko wapi.

Mpiga Filimbi
Na miti alianza kupanda 1977. Hesabu mwenyewe miaka, miti imetangulia bunge kwa robo karne. Halafu aligombea yeye kwa jina lake, hakugombea mti.

Bibi Mshauri
Mnabishana mambo makubwa na dogo mmeliruka. Mwanangu Katibu, huyo mzee aliyeondoka mmemfuata? Mtu mzima hachukui kofia yake bure. Nyumba nyingi zimebomoka kwa sababu waliobaki ndani walidhani aliyetoka atarudi mwenyewe.

Katibu wa Kona
Shikamoo Bibi. Hapana, bado hatujamfuata. Tulidhani tumwache apumzike kidogo.

Mshika Rula
Mimi nawapa wazo tofauti. Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wakazi waliingizwa katika kupanga bajeti ya mji. Walikutana kwa maeneo yao, wakataja vipaumbele, maji, mitaro, barabara, wakachagua wawakilishi wa kufuatilia. Badala ya kugombania mgombea mmoja, daini utaratibu wa namna hiyo mtaani kwenu. Nani kashinda lisiwe na uzito sana. Nina mengi ya kueleza, ukitaka nifungulie uzi wake.

Katibu wa Kona
Asante mkuu, zuri sana, ila mimi nina siku nane.

Kalamu Nyekundu
Nimesoma mara mbili. Mabishano ya kikao hayamnyimi katibu usingizi, vikao vyote vina mabishano. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe. Zile saini 312 anazo nani?

Katibu wa Kona
Ziko salama, daftari liko kwangu.

Kalamu Nyekundu
Sikuuliza daftari. Nimeuliza nani anazo.

Katibu wa Kona
(Nimeandika na kufuta mara tatu.)

Kila mstari una jina, namba ya nyumba na namba ya simu. Wiki tatu zilizopita yule mama alinijia. Akasema anataka kuwaalika watu waliosaini waje wasikie hali ya kiwanja imefikia wapi. Nikamnakilia nusu, ile mitaa ya jirani na kiwanja. Baada ya siku chache watu wakaanza kupokea ujumbe: ndugu uliyesaini kuokoa kiwanja, usisahau kumpigia kura fulani. Mwenzetu mmoja akauliza kikaoni nani katoa orodha. Nilinyamaza.

Ila naomba mnielewe. Mshindani wake anataka maegesho, amesema hadharani. Mama huyu akishindwa, kiwanja kimekwenda. Waliosaini walisaini kwa hiari yao, na ninaamini wengi wangependa kujua nani yuko upande wao. Sikuuza namba ya mtu wala sikupewa kitu. Tusisahau lengo.

Wakili wa Barazani
Lengo halijasahaulika, limebadilishwa bila kuulizwa wenyewe. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018, ya Kenya ya 2019, ya Tanzania ya 2022, zote zimebeba wazo moja: taarifa ulizochukua kwa shughuli hii usizihamishie shughuli nyingine kiholela. Na hata kama ulipo hakuna sheria, fikiria mlangoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ulimwambia nini wakati unampa kalamu? Ulimwambia ni kwa ajili ya kiwanja. Angekuuliza namba ya simu ya nini, ungemjibu ni ya kampeni?

Baba Wawili
Mnamsulubisha bure. Upande wa pili una magari, vipaza sauti na mabango kila nguzo. Hawa wana daftari moja. Ujumbe wa simu haujamuumiza mtu, unafutwa kwa kidole. Mimi ningetoa orodha yote, tena ningeibeba mwenyewe mpaka kwake.

Dada wa Kona ya Pili
Baba Wawili, unafutwa kweli, lakini unabaki hapa kifuani. Mimi nilisaini kupinga dampo karibu na nyumba zetu. Dampo likahamishwa, nikafurahi kama mtoto. Halafu ujumbe ukaanza. Leo huyu anagombea, kesho yule anaalika, wote wananiita jina langu la tatu, lile niliandika mahali pamoja tu. Mwaka uliofuata vijana wakaja mlangoni na daftari kuhusu maji ya mtaa wetu, jambo la haki kabisa. Sikusaini. Niliwaonea huruma lakini sikusaini.

Mchora Ramani
Huo ujumbe wa Dada usomeni tena. Nami naongeza mfano mmoja. New York miaka ya 1950, Robert Moses, ofisa mwenye nguvu wa ujenzi wa mji, alitaka kupitisha barabara katikati ya bustani ya Washington Square. Majirani wakagoma, Shirley Hayes mbele, Jane Jacobs akajiunga. Kamati yao ilibeba jambo moja hadi kwenye jina lake, bustani ifungwe kwa magari. Hakuna aliyeulizwa anapiga kura wapi, ndiyo maana walijaa watu wa kila rangi ya siasa. Mwaka 1958 hata Carmine De Sapio, kigogo wa chama aliyeogopwa mjini kote, akajitokeza kuwaunga mkono. Magari yakazuiwa, mwanzoni kwa majaribio tu, na barabara ile haikujengwa.

Tazama njia ilivyokuwa. Mwanasiasa ndiye aliyewafuata, akasimama kwenye dai lao. Katibu, wewe umechukua watu wa dai ukawapeleka kwa mwanasiasa. Ungeweza kumwita mama huyo na mshindani wake, mkawapa karatasi moja: kiwanja kibaki wazi, weka saini. Asiyeweka, watu 312 watajionea wenyewe.

Katibu wa Kona
Hilo la karatasi sikuliwaza. Lakini limekwishapita. Na kwa kweli mshindani asingekuja.

Kalamu Nyekundu
Umesema nusu. Nusu ya pili?

Katibu wa Kona
Nimemwahidi Ijumaa.

Kalamu Nyekundu
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri au kuomba baraka?

Msomaji wa Usiku
Jamani hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena imejaa kikombe. Angalieni. Mtu anasema ni msomaji wa muda mrefu, akaunti imefunguliwa jana. Kikundi cha watu kumi na wanne, nusu huku nusu kule, hao ni saba kwa saba. Katibu yuko wapi basi? Na mzee mwenye kofia? Mimi naona huyu ndiye mgombea mwenyewe, anapima upepo kabla ya kuchukua orodha iliyobaki.

Chelewa Ufike
Duh. Nami nilikuwa nishaanza kumhurumia.

Baba Wawili
Au ni mtu wa mshindani anayetaka kumchafua mama wa watu. Mbona hataji mtaa?

Nyota ya Alfajiri
Atataja mtaa ili iweje? Akitaja mtamfuata, asipotaja mnasema anatunga.

Mpiga Filimbi
Hata ikiwa chai, koleo langu lina kutu kweli.

Mshika Rula
Turudi kwenye bajeti shirikishi.

Katibu wa Kona
Msomaji wa Usiku, hesabu yako ni sahihi na niliyeikosea ni mimi. Ni sita kwa sita. Wa kumi na tatu ni mimi, mwandika kumbukumbu, sijawahi kusema niko wapi. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wenzangu wanaijua.

Wa kumi na nne ni mzee. Niliandika kwamba aliondoka kwa sababu ya kelele. Si kweli. Kelele zilianza baada ya yeye kutoka. Yeye ndiye aliyepokea ujumbe, na ndiye aliyeuliza nani katoa orodha. Alisimama akauliza taratibu, akatuzungusha macho mmoja mmoja. Hakuna aliyejibu. Alipofika kwangu aliniangalia kidogo zaidi ya wengine, halafu akachukua kofia yake.

Jina lake ndilo mstari wa kwanza wa lile daftari. Kila jioni nilipita naye. Mimi mtaa hawanijui sana, wanamjua yeye, kwa hiyo mimi nilishika kalamu na yeye ndiye aliyebisha hodi. Mtu akisita kuandika simu yake alikuwa anamwambia, andika tu, haitoki kwenye daftari hili. Alisema hivyo milango mingi mno. Mimi nikiwa pembeni yake.

Dada wa Kona ya Pili
Ee Mola.

Bibi Mshauri
Basi tuachane na mgombea kwanza. Mwanangu, kikundi hakijagawanyika kwa sababu ya kura. Kila mmoja anamshuku mwenzake na wewe unawaachia waendelee. Usingoje siku nane. Nenda kwake wewe, peke yako, kabla ya mkutano. Usimpelekee maelezo ya mshindani wala maegesho. Mwambie ulilofanya, unyamaze.

Baba Wawili
Na mama wa watu akishindwa kwa kura kumi?

Wakili wa Barazani
Atakuwa ameshindwa kwa kura kumi. Apite mwenyewe nyumba kwa nyumba, miguu anayo. Katibu, mambo matatu ya haraka: nusu ya pili isitoke, umwandikie aifute ile aliyonayo, na mkutanoni useme kabla hujaulizwa. Waliopokea ujumbe nao waambiwe, wana haki hiyo kuliko sisi humu.

Nyota ya Alfajiri
Mimi bado nasema mpiganieni mtu, tena huyo huyo mama mkitaka. Lakini kwa majina yenu kumi na manne yaliyosemwa wazi, si kwa majina ya watu walioandika wakifikiria kiwanja.

Katibu wa Kona
Nimemwandikia mama. Nimemwambia Ijumaa hakuna kitu, na ile nusu aifute. Ameusoma, hajajibu. Nilidhani nitajisikia mwepesi, sijisikii hivyo. Naogopa tumempoteza yeye, na kiwanja pia.

Bibi, natoka sasa hivi kwenda kwa mzee. Daftari nimelibeba, sijui kwa nini.

Bibi Mshauri
Mkabidhi. Likae kwake.

Msomaji wa Usiku
Mimi bado nina mashaka. Lakini ukirudi, andika alichosema. Silali.