Fundi amepaka picha ya mbao juu ya mvule wa kabati la bibi yangu, na bado anadai nimmalizie fedha yake

Wanajamvi, habari za jioni. Nimekaa siku nne bila kuandika ili hasira ipungue kiasi cha kuniwezesha kueleza jambo hili kwa utaratibu, na sina hakika kama imepungua. Jina la karakana sitalitaja, kwa kuwa madai bado yanaendelea baina yetu, lakini mwenye karakana huingia humu na atajitambua kabla hajafika aya ya tatu.

Kabati ninalolizungumzia ni la marehemu bibi yangu, mzaa mama. Liliingia nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, mwaka 1958, likiwa limetengenezwa kwa mbao za mvule tupu, bila plaiwudi hata mgongoni. Lina milango miwili, kioo kirefu katikati, na droo tatu chini, ambazo bibi aliziita watoto wa kabati na sisi tukaamini tukiwa wadogo kwamba kweli ni watoto. Juu lilikuwa na taji la nakshi lenye ua moja kubwa katikati na majani mawili pembeni, vyote vimechongwa kwa patasi, na jani la kushoto lilikuwa limevunjika ncha tangu kabla sijazaliwa. Baada ya miaka yote hiyo mvule ule ulikuwa umegeuka kutoka ule umanjano wa mbao mpya na kuwa kahawia yenye mng'ao wa dhahabu ndani yake, rangi ambayo huletwa na mwanga na muda peke yake, na ambayo hakuna duka la vifaa vya ujenzi linaloiuza kwenye kopo.

Kazi niliyompa fundi ilikuwa ndogo na ya wazi, na niliiandika kwenye ujumbe wa simu ambao bado ninao: asafishe uchafu, afufue vanishi ya zamani pale ilipofifia, alegeze droo ya chini iliyokuwa ikikwama, na achonge ncha ya lile jani kwa mvule kama wenyewe. Alijibu kwa neno moja, "Sawa", na kidole gumba. Tulikubaliana shilingi 380,000, nikamtangulizia 250,000, na nikasafiri kikazi kwa wiki mbili.

Niliporudi nilikuta kabati limepakwa rangi ya kuigiza mbao.

Naomba wasiofahamu ufundi huu wanivumilie nieleze kilichofanyika, maana bila hivyo wengine watadhani ninalalamikia rangi tu kwa kuwa siipendi. Fundi hupaka kwanza rangi ya chini, nyepesi, ya manjano ya udongo. Ikikauka, hupaka juu yake rangi nyembamba ya kahawia iliyozimuliwa, na kabla haijakauka huiburuza kwa kichanio, au kwa kifaa cha mpira chenye miduara iliyochongwa, ambacho huvutwa huku kikiyumbishwa taratibu kwenda mbele na nyuma, na pale kinapoyumba hujitokeza yale macho na mawimbi yanayofanana na mbao iliyopasuliwa. Mwishoni hufunika kwa vanishi. Akiwa na mkono mzuri, mtu aliyesimama hatua tatu kutoka hapo anaweza kuapa kwamba ni mninga.

Sasa fikirini: ametumia siku kadhaa, rangi, vanishi na fedha yangu kuchora picha ya mbao juu ya mbao. Na si picha ya mvule, kwa sababu mvule hauna macho makubwa namna ile. Amechora kitu anachokiita "mahogani ya kisasa" juu ya mti ambao watu wanaojua thamani yake huufuata porini na kuugombania. Ni sawa na kumvika mtu barua ya utambulisho ya mtu mwingine usoni kwake.

Hata hiyo picha yenyewe ni ya mkono mbaya. Jicho lililoko mlango wa kulia ndilo lililoko mlango wa kushoto, na ndilo lililoko kwenye kila droo, kwa sababu kile kifaa cha mpira hurudia alama zake kila kinapoyumbishwa na fundi hodari hujifunza kuvunja marudio hayo kwa kubadili mwendo wa mkono. Baya zaidi, milango ya kabati hili ni ya fremu, yaani kuna nguzo mbili za wima na mbao za kulala zinazoungana nazo, na katika mbao halisi nyuzi za nguzo husimama na nyuzi za zile nyingine hulala, zikikutana kwenye ungio. Yeye ameburuza kila kitu kwa kulala, kutoka ukingo hadi ukingo, akipita juu ya maungio kana kwamba mlango mzima umetoka kwenye ubao mmoja wenye upana usio wa kawaida. Mtu anayeigiza mbao bila kuwahi kuitazama mbao ataigiza nini?

Nimesoma sana juu ya mambo haya wiki hii, kama mtu anavyosoma habari za ugonjwa baada ya kuugua, na ningependa nisieleweke vibaya. Ufundi wa kuigiza mbao ni ufundi wa heshima. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na watu walioishi kwa kazi hiyo, na mmoja wao, Thomas Kershaw, alipata tuzo kwa paneli zake za kuigiza mbao na marumaru katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851. Lakini watu wale walikuwa wakipaka milango ya paini ionekane ya mwaloni, kwa kuwa paini ilikuwa rahisi na mwaloni ulikuwa ghali. Hapa kwetu pia kuna mahali pake: meza ya plaiwudi, kabati la paini za mashamba ya miti ya Sao Hill, mlango wa hadibodi. Mtu akichukua kabati la namna hiyo lililochoka akalipa sura mpya kwa shilingi chache, nitampigia makofi. Ninachouliza ni kwa nini mtu aliyepewa kitu halisi anakifunika kwa nakala ya kitu kingine.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Dada yangu, lilikuwa limezeeka, nimekufanyia la kisasa. Wateja wote wanataka hivi."

Rangi ingekuwa kosa pekee, ningetafuta njia ya kuivua na kusahau. Kilichonikosesha usingizi ni kilichotangulia rangi. Nilimpelekea kabati hilo mzee mmoja, seremala wa Keko, Dar es Salaam, ambaye amefanya kazi hii tangu ujana wake, akaifungua milango, akapitisha kucha kwenye kingo za ndani na kutikisa kichwa. Kwa maelezo yake, kabati lilikuwa limepakwa shelaki, ile vanishi ya zamani inayotokana na utomvu wa wadudu wadogo wa India, ambayo huyeyushwa kwa spiriti. Kipimo chake hakihitaji maabara: unachukua pamba, unailowesha spiriti, unasugua mahali pasipoonekana, na kama vanishi inalainika na kunata, hiyo ni shelaki. Ikigoma kwa spiriti na kulegea kwa thina, ni aina nyingine. Mzee alifanya kipimo hicho mbele yangu nyuma ya droo, mahali ambapo rangi haikufika, na pamba ikatoka na rangi ya asali. Shelaki iliyofifia haihitaji kukwanguliwa. Hulainishwa kwa spiriti hiyo hiyo, ikajisambaza upya, kisha ikaongezewa mikono michache kwa kitambaa. Ni kazi ya siku mbili au tatu za utulivu.

Fundi wangu alichukua mashine ya msasa. Alianza na namba 60, ambayo ni ya kukwangua sakafu, na kwa mashine hiyo ameondoa shelaki, ameondoa ile rangi ya miaka zaidi ya 60, na amezilainisha kingo za milango zilizokuwa kali na nyoofu hadi zimekuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Chini ya rangi yake sasa kuna mvule uliochunwa, wenye mikwaruzo ya mduara ambayo inaonekana hata kupitia vanishi ukisimama upande wa dirisha. Hilo halivuliwi kwa dawa yoyote.

Halafu kuna mapambo. Badala ya kuchonga ncha moja ya jani, aling'oa taji zima, akabandika maua aliyoyatengeneza mwenyewe kwa kumimina jasi kwenye kalibu ya mpira, na mengine ya unga wa mbao uliokandwa kwa gundi. Ameyapaka rangi ya dhahabu ya kupuliza. Tundu la ufunguo, ambalo lilikuwa la shaba halisi, nalo limepulizwa dhahabu, yaani shaba imepakwa rangi ili ifanane na shaba.

Hapa pia sina ugomvi na mapambo ya kutengenezwa kwa mkono. Wasanifu wa Uingereza wa karne ya 18, Robert Adam akiwa miongoni mwao, walitumia sana mapambo ya kukandwa kwa chaki, gundi, utomvu na mafuta ya kitani, yaliyoshindiliwa kwenye kalibu za mbao, na mengi bado yapo. Lakini yalibandikwa na watu waliojua gundi inashika nini. Ile gundi nyeupe ya maji inahitaji kuingia kwenye vitundu vya mbao ndipo ishike, ilhali yeye ameibandika juu ya rangi iliyokwisha kupigwa vanishi, mahali ambapo haina pa kuingia. Unga wa mbao uliokandwa kwa gundi nao husinyaa kadiri maji yanavyotoka, hivyo ni lazima uachwe ukauke kabisa kabla ya kupakwa. Ua la kwanza lilidondoka ndani ya gari tukiwa njiani, la pili lilipasuka katikati siku ya tatu, na la tatu nimeliondoa mwenyewe kwa kidole kimoja bila kutumia nguvu.

Na droo ya chini, ile iliyokuwa ikikwama kidogo? Amepaka rangi hadi pembeni mwake, kwa hiyo sasa haifunguki hata kidogo. Ndani yake kuna hati ya ndoa ya bibi. Nilikuwa nimesahau kuitoa, na hilo ni kosa langu.

Mama yangu ana miaka 71. Alikuja Jumapili kuliona. Alilizunguka, akapitisha kiganja kwenye mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia sukari: "Na lile la kwetu liko wapi?" Sikuwa na jibu, nikaenda jikoni.

Najua watakuja watu wa kusema kwamba kosa ni langu kwa kusafiri, na kwamba fundi wa Kitanzania husimamiwa. Nimelisikia hilo maisha yangu yote na silikubali. Daktari hasimamiwi na mgonjwa aliyelala. Wengine watasema hatukuandikishana. Tuliandikishana: ujumbe wangu unataja kazi nne, jibu lake ni "Sawa", na hakuna kati ya hizo nne iliyofanyika. Anachodai sasa ni shilingi 130,000 zilizobaki, pamoja na 60,000 za nyongeza kwa ajili ya "mapambo maalumu" ambayo sikuyaagiza na ambayo hayapo tena kwenye kabati. Nimemjibu kwamba sitalipa, kwamba nataka 250,000 zangu zirudi, na kwamba akiendelea kunipigia simu usiku tutakutana Mahakama ya Mwanzo, ambako ujumbe ule nitausoma kwa sauti.

Kutoka kwenu naomba mambo mawili. Kwanza, kama kuna mtu amewahi kuvua rangi ya mafuta na vanishi juu ya mvule bila kurudia msasa, anieleze alitumia dawa gani na aliisuuza kwa kitu gani, kwa sababu mzee wa Keko amenionya nisikubali magadi makali yanayochomea, ambayo yanaweza kuifanya mbao iwe nyeusi, na yeye mwenyewe anapendelea kukwangua kwa kipande cha chuma, taratibu, ukuta kwa ukuta. Amekadiria wiki tatu. Nimemkubalia, lakini ningependa kusikia uzoefu mwingine kabla hajaanza.

La pili ni kwa fundi mwenyewe, kwa kuwa simu zangu za mchana hazipokei. Taji ulilong'oa, lenye ua kubwa katikati na jani la kushoto lililovunjika ncha, uliniambia "lipo hapo nyuma na vipande vingine". Nyuma ya karakana yako ndipo mama ntilie anapochukua kuni. Fedha tutazungumza baadaye. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapo na gunia, na tafadhali mwambie asiwashe jiko mpaka nifike.