Kufundisha darasa la nne jinsi watoto wanavyopewa majina

Swali (mwalimu, Kisumu):
Walimu wenzangu, darasa langu lina Wakristo, Waislamu na mtoto mmoja Sikh, nami nataka kuwafundisha jinsi mtoto anavyopokewa na kupewa jina, bila yeyote kuona kwamba mila ya kwao ndiyo ya kushangaza. Nianzie wapi?

Jibu (mwalimu, Nakuru):
Anzia kwenye rejista. Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku, Achieng ni wa jua la mchana, Wafula ni wa mvua. Watasimulia wenyewe kabla hujafungua kitabu.

Jibu (mzazi, Mumias):
Kwetu Waislamu mtoto huadhiniwa sikioni, na siku ya 7 hufanyiwa akika: hunyolewa nywele, huchinjwa mbuzi 2 kwa mvulana au 1 kwa msichana, na nyama hugawiwa jamaa na maskini. Mwanangu aliwahi kurudi nyumbani analia kwa sababu darasani walilicheka jambo hilo, kwa hiyo nakushukuru sana, mwalimu, kwa kuuliza kwanza.

Jibu (mwalimu mstaafu, Kisumu):
Kwa Masikh, Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, hufunguliwa, na herufi ya kwanza ya fungu linalosomwa ndiyo inayoanza jina. Mwalike mzazi aeleze. Usimbebeshe mtoto mmoja kazi ya kuisemea dini nzima.