Filimu ya polianilini imegeuka bluu na haipitishi tena umeme, imekufa?

mwana_wa_shimi
Jambo bakubwa na bandugu ba L'shi. Niko nafanya TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya shimi juu ya filimu za polianilini, ile plastiki yenye inapitisha umeme. Nilitengeneza ya kwanza juu ya vipande vya kioo, anilini na persulfati ya amoniumu na asidi kloridriki ndani ya kopo moja, kioo kimesimama mule, inajipaka yenyewe. Ingine juu ya ile kaboni ya katikati ya betri kavu ya redio, na potensiostati, ile mashini yenye inashika volti. Zote zilitoka kijani muzuri kabisa. Sasa ile ya kioo nikaisukutua na maji mingi ya robine juu asidi itoke, nikaacha ikauke, asubui iko bluu, na multimetri yenye ilikuwa inasoma kiloomu sasa haisomi kitu. Lakini ile ya kaboni, nikiiweka ndani ya asidi sulfuriki, mapiki yote mbili (vile vilele vya umeme kwenye grafu nikipandisha volti) iko pale pale. Polimeri ni ileile moja, mbona huku inapitisha na huku inakataa? Na profesa anaomba namba ya upitishaji, nimupe gani?

yaya_wa_kampemba
Mudogo, haiyakufa. Asidi kwa polianilini haiko uchafu wa kusafisha, ni sehemu ya filimu yenyewe. Kijani ni emeraldini, polianilini yenye imeoksidika nusu, yenye protoni zimeshika kwenye nitrojeni za munyororo, na kloridi ziko pembeni zinasawazisha chaji, hapo unaweza pata simensi 1 mpaka 10 kwa sentimita. Maji ikitoa protoni inabaki emeraldini bezi, njo ile bluu, na upitishaji unashuka zaidi ya mara bilioni moja. Na angalia, hakuna elektroni hata moja yenye imetoka, ni protoni tu, njo maana inarudi. Itie ndani ya HCl ya mola 1 dakika chache, utaona kijani inarudia mbele ya macho yako. Siku ingine sukutua na asidi nyepesi, juu pH ikipita 4 hivi inaanza kulegea. Na tafazali vaa glavu, anilini inapita kwenye ngozi na inazuia damu kubeba oksijeni.

fundi_elektrolizi
Yaya amesema yote ya protoni, mi naongeza ya elektroni. Mapiki haikwambie filimu inapitisha kiasi gani, inakwambia paka elektroni ngapi ziliingia na kutoka na kwa volti gani. Piki ya kwanza, karibu 0,2 V ukilinganisha na elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, njo inafungua upitishaji, ya pili karibu 0,7 mpaka 0,8 V inaufunga tena. Pale katikati tu njo umeme unatembea, ikiwa imepunguzwa kabisa inakataa na ikioksidika kabisa inakataa pia, na kwa sisi benye tumezoea metali hii ni kitu ya kushangaza sana, mi napenda hii sehemu kuliko zote. Usiende mbali kupita 0,9 V, maji inakata munyororo na unaona piki ndogo inaota karibu 0,5 V, hiyo ni benzokinoni, kipande cha munyororo wenye umekatika, na hiyo haitarudi na asidi. Tena usijaribu bamba la shaba hata kama huku kwetu iko kila mahali, ndani ya asidi shaba inayeyuka mbele anilini haijaanza kuoksidika.

mwana_wa_shimi
Asanti sana yaya, asanti fundi. Kijani imerudia kweli!! Sasa namba naipima juu ya kaboni ao juu ya kioo?

yaya_wa_kampemba
Kioo. Juu ya kaboni utapima kaboni. Na acha sindano mbili za multimetri, zinapima na mugusano wake ndani. Tumia sindano nne kwenye mustari, nafasi sawa, umeme unapita zile za inje na volti unasoma kwa zile za ndani. Volti gawanya kwa ampeya, zidisha 4,53, zidisha unene wa filimu kwa sentimita, unapata rezistiviti, kisha 1 gawanya kwa hiyo. Lakini ile 4,53 inafaa kama kioo ni kipana sana kupita nafasi ya sindano. Andika na unyevu wa hewa siku hiyo, polianilini ikikauka upitishaji wake unashuka, filimu ya mwezi wa saba na ya mwezi wa kwanza yenye mvua hazitakupa namba moja hata zimetoka kopo moja.